Raba Namba Arobaini na Tatu

Guangzhou, 14 Juni 1998

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiacha miguu yangu ambayo imeanza kuvimba mapema kuliko wakati wa Lulu. Lulu mwenyewe ametimiza miaka mitatu wiki iliyopita na Kichina chake kimeshanipita. Ukimwambia jambo anakujibu "mei you", yaani hakuna, vile vile wanavyojibu wauza nguo wa Zhanqian Road ukiwaomba saizi wasiyokuwa nayo. Njoo ule, mei you. Njoo uoge, mei you. Mbarak, baba yake, hajambo. Tangu amalize chuo kazi yake ni hiyo ya kuwapokea wafanyabiashara wetu wa Unguja na Dar es Salaam na kuwapeleka kununua, na wengi siku hizi wanataka mikoba, basi siku nne katika wiki yuko Shiling kwenye viwanda vya ngozi. Siku hizo nne mimi niko peke yangu na huyo wa mei you.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita umestaafu. Miaka thelathini na moja wodi ya wazazi, umezalisha nusu ya mji, Mungu akulipe. Siku Lulu alipozaliwa mikononi mwako ulisema, na mashahidi wapo: "Nikistaafu, wa pili nitakuja kumpokea huko huko uliko." Sikukuomba, Mama. Ulisema mwenyewe. Daktari amehesabu, mtoto wa pili ni katikati ya Novemba.

Chumba chako tayari. Ni kile cha upande wa jua, nimeweka kitanda, chandarua, kabati la milango miwili. Mbarak ameshaulizia kibali cha kukaa cha mwaka mzima na wanasema kinaweza kurudiwa. Linalobaki ni pasipoti. Nenda kapige picha wiki hii hii. Na kama unataka kitu chochote cha huku niandikie na saizi yake, wapo watu wanarudi nyumbani kila mwezi.

Mwanao wa pekee,
Hasna


Zanzibar, 9 Julai 1998

Mwanangu Hasna,

Marahaba, na Lulu mbusu kwenye visigino. Barua yako imenifika baada ya wiki tatu na siku mbili, imefunguliwa na kugundishwa tena. Sijui nani huyo anayetaka sana kujua habari za miguu yako. Mimi ninayetaka kujua nakwambia: punguza chumvi, lala ubavu wa kushoto, kapime presha kila wiki mbili na uniandikie namba, si kuniandikia "nzuri". Nzuri si namba.

Mimi mzima kabisa. Mjomba wako Maulid mzima, ameezeka upya na sasa mvua inaingilia upande wa pili. Spitali walinifanyia sherehe ndogo, wakanipa saa ya ukutani. Mtu aliyeamshwa na saa miaka thelathini na moja, unampa saa. Nimeitundika jikoni, nimeitoa betri.

Habari ya pasipoti, ofisi imejaa watu na kuna joto. Nitakwenda.

Umesema niandike ninachotaka. Nataka raba za mazoezi jozi mbili, ngumu, zisiwe nyeupe kwa sababu ya vumbi. Za kike namba 38. Za kiume namba 43.

Usinyanyue ndoo.

Mama yako


Guangzhou, 2 Agosti 1998

Mama,

Shikamoo. Presha ni 120 kwa 80, hiyo namba umeipata. Lulu amechora kwa kalamu ya wino mikoba sita ya sampuli za baba yake, na baba yake alipopandisha sauti akajibiwa unavyojua. Mvua ya huku haina adabu, ngazi za ghorofa zote saba za jengo letu zinateleza na lifti hatuna.

Nina mambo manne ya kukuuliza, nayapanga ili usipotee.

La kwanza, picha umepiga? La pili, hiyo ofisi ya pasipoti yenye joto, umeingia ndani au umepita nje? La tatu, sukari yako umepima tangu ustaafu? La nne, raba za kiume namba 43 ni za nani?

Baba, Mungu amrehemu, alivaa 41. Mjomba Maulid anavaa 40 na bado zinampwaya. Mbarak 42. Mimi kazi yangu ni saizi, Mama. Wakinitajia viatu vya mtu naweza kukwambia na suruali yake. Mwanamme wa 43 ni mrefu, si chini ya futi sita, na katika ukoo wetu wote hatuna mtu wa futi sita.

Ghorofa ya nne hapa kuna bibi mmoja, Bibi Liang. Ana miaka hamsini na minane, kwao ni shamba, mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mwanawe alipopata mtoto alimwita mara moja tu, akaja. Anamlea mjukuu, anapika, anakwenda naye bustanini asubuhi, kila nikimwona anacheka. Namwangalia huyo bibi wa watu namwambia Lulu, na sisi bibi yako yuko njiani.

Usinifanye mwongo kwa mtoto.

Hasna


Zanzibar, 25 Agosti 1998

Mwanangu,

Tunashukuru Mungu, hali ya mji nzuri, embe bado. Mjomba wako anakusalimu na anasema ukipata mwavuli imara usimsahau.

Umeuliza mambo manne, nayajibu kwa mpango wako.

La kwanza, picha nimepiga. Nimetoka kama mtu aliyekamatwa, lakini nimepiga.

La pili, nimeingia ndani ya ofisi. Wamenipa fomu. Fomu ninayo.

La tatu, sukari nimepima na daktari ameshangaa. Imeshuka bila kuongeza dawa. Uzito pia umeshuka kilo tano. Ananiuliza, Bi Zainabu unafanya nini? Nikamwambia natoka nje.

Karatasi imekwisha.

Mama yako


Guangzhou, 13 Septemba 1998

Mama,

Shikamoo. Wazima. Presha 130 kwa 85, na ikipanda nitakwambia ni kwa ajili ya nani.

Karatasi yako haikuwa imekwisha. Chini ilibaki nafasi ya mistari sita, nimepima kwa kidole.

Jana nilikuwa Zhanqian Road na tumbo langu na Lulu mkono mmoja, namsaidia Nassor kuchagua magauni ya watoto. Nassor yule wa Kikwajuni, mtoto wa jirani yako wa nyuma, ametua uwanja wa ndege wa Baiyun juzi. Dukani tumejaa, mwenye duka na wasichana wake wanasikiliza kama wanaelewa, Nassor anasema kwa sauti ile ile ya kuita mtu ng'ambo ya barabara:

"Hasna! Mama'ko siku hizi kapendeza, nakwambia!"

"Alhamdulillahi," nikasema, "sukari imeshuka."

"Sukari gani! Nimemwona uwanja wa Maisara, saa kumi na mbili asubuhi, juu ya baskeli."

"Baskeli ya nani?"

"Si ya Maalim Mwadini! Maalim kashika kiti kwa nyuma, anakimbia, mama'ko buibui kalipandisha, ndani kavaa suruali, anapiga kelele 'usiniachie, usiniachie!' Na yeye keshamwachia zamani! Watu pale tumecheka mpaka tukakaa chini."

"Akaanguka?"

"Hakuanguka. Kaenda zake moja kwa moja mpaka kwenye goli."

Mwenye duka akaniuliza kwa Kichina kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, mama yangu amejua kuendesha baskeli. Akaniletea kiti.

Maalim Mwadini. Yule yule aliyenisomesha jiografia na kunipa tatu kwa ishirini katika ramani ya Asia. Mrefu kama mlingoti. Namba 43 naiona sasa, naiona mpaka na kofia yake.

Mama, mimi si mtoto. Baba ana miaka sita tangu afariki na sina neno kwa mtu kupata wa kuzungumza naye. Lakini nimekuandikia tangu Juni. Miezi mitatu unanizungusha na fomu na joto na karatasi, na mtaa mzima unajua nisilolijua mimi, mpaka naambiwa mbele ya watu huku nimeshika magauni. Umestaafu, Mama. Huna kazi, huna mtoto mwingine, huna mgonjwa anayekungoja. Sasa kinachokuweka huko ni nini hasa, ni kujifunza baskeli ukiwa na miaka hamsini na tano? Huku zimejaa. Utaendesha mpaka uchoke.

Raba nimenunua, jozi zote mbili. Ziko chini ya kitanda chako na hazitoki mpaka nione namba ya pasipoti.

Nakupenda, na nimechoka. Nijibu jambo la nne.

Hasna


Zanzibar, 4 Oktoba 1998

Mwanangu mpenzi,

Nimekaa na barua yako siku tano. Ningeijibu siku ya kwanza ungepata barua mbaya.

Salamu zako zimefika kwa wote. Presha hiyo ya pili siipendi, pima tena wiki hii, na ukiona kichwa kinauma kwa mbele au macho yanapiga nyota usisubiri Mbarak arudi, nenda spitali na nguo ulizonazo.

Jambo la nne. Maalim Mwadini ameniposa. Amekwenda kwa mjomba wako kama inavyotakiwa, akakaa barazani saa mbili wakazungumza habari ya bati, kisha akasema. Mjomba wako amekubali, lakini akaweka sharti kuwa Hasna ajue kwanza, kwa mdomo au kwa kalamu yangu mwenyewe. Kwa hiyo umeniweka mimi kwenye foleni tangu Agosti, na wewe hujui. Nikah tumeiweka Ijumaa ya tarehe nne Desemba, kabla ya Ramadhani. Sikukwambia kwa sababu nimeshika kalamu mara sita na kila mara nimeona aibu. Nimezalisha wanawake elfu na sijapata kuona aibu hata siku moja, lakini kumwandikia mtoto wangu kuwa naolewa, kalamu ilikauka. Hilo ni kosa langu na nakuomba radhi. Hasa kwa magauni.

Hapo radhi imekwisha, sasa nisikilize.

Umeniandikia "huna kazi". Wiki mbili za mwanzo za kustaafu nilidhani nitapumzika. Mjomba wako akaja, Zainabu sasa una nafasi, niangalizie kuku. Jirani akaja, Bi Zainabu sasa una nafasi, nishikie mtoto nikafanye mtihani. Msikitini wakaja, sasa una nafasi, chuo cha wanawake hakina wa kufagia. Kila mtu ameziona siku zangu zimelala chini kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, akaokota. Na wewe uliokota kubwa kuliko wote, kwa sababu ni wangu.

Nikaanza kutoka alfajiri ili wakinibishia hodi wasinikute. Hivyo tu. Nikawa nazunguka uwanja wa Maisara na sandali za spitali. Maalim alikuwa akizunguka kwa upande wa pili, tukawa tunapishana, mara mbili kila mzunguko. Siku ya tisa akasema, "Bi Zainabu, mmoja wetu akigeuza njia tutazungumza." Nikageuza mimi.

Sijui nikueleze vipi. Kula nakula na mtu, nasahau kuongeza wali. Nasoma gazeti mpaka kurasa za mpira. Nikianguka na baskeli, na nimeanguka, usimsikilize Nassor, nachubuka goti kama mtoto na goti linapona. Sikujua kuwa bado linapona upesi hivyo. Nilikuwa nadhani kazi ikiisha kinachobaki ni kungoja. Kumbe kuna watu huamka asubuhi kwa sababu wanataka kuamka.

Sasa mimi nakuuliza jambo moja tu. Kabati la milango miwili, kibali cha mwaka kinachoweza kurudiwa. Mzazi haangaliwi mwaka, anaangaliwa siku arobaini. Mimi ahadi yangu niliyotoa ni kumpokea mtoto, na ahadi siikatai. Ukisema njoo, nakuja, na nikah itangoja Ramadhani na Sikukuu zipite. Lakini niambie kweli, bila kunizungusha kama nilivyokuzungusha. Unaniita kwa siku arobaini, au kwa maisha?

Mama yako,
Zainabu


Guangzhou, 26 Oktoba 1998
Kwa mkono wa Nassor

Mama,

Shikamoo. Presha 125 kwa 80. Lulu ana mafua.

Umeuliza siku arobaini au maisha.

Maisha.

Nilitaka uje ukae. Nilitaka nitoke asubuhi nikafanye kazi na Mbarak na nikirudi nikute wewe umepika na watoto wanasema Kiswahili. Nilitaka mtu anisukie nywele. Nina miaka ishirini na saba na jana nimelia kwa sababu nilimenya vitunguu vingi kuliko nilivyohitaji.

Na lipo lingine. Siku ya Lulu, damu ilipokuwa haikatiki, ulisema "hakuna kitu, mwanangu, hakuna kitu," na sauti yako ilikuwa nzuri sana, lakini mimi nilikuwa natazama mikono yako. Sijawahi kukuona mikono ikienda mbio vile. Kila nikilala naiona. Huku daktari atasema nini sitaelewa, na nitatazama mikono ya nani?

Kwa hiyo ndiyo, njoo. Maalim atangoja, mtoto hangoji.

Nassor anakuletea raba za 38. Za 43 nimezibakisha.

Hasna


Zanzibar, 6 Novemba 1998
Kwa mkono wa Kasmir

Mwanangu,

Nassor amefika salama, na barua, na raba. Zimenienea. Sijazivaa.

Nakuja. Pasipoti ninayo, nilikuwa nayo tangu Septemba, hilo nalo nilikuficha. Mjomba wako amekwenda kuulizia ndege, huenda ikawa tarehe ishirini na tano, nitachelewa kuzaliwa kwake lakini sehemu kubwa ya siku zako arobaini nitakuwepo, na zaidi ya hapo tutaona. Barua hii anaichukua Kasmir wa Dar es Salaam, atakuwa huko kununua mikoba mpaka tarehe ishirini na moja.

Damu ile ilikuwa nyingi, kweli. Ilikatika kwa sababu tulifanya mambo yanayotakiwa, na mambo hayo kila spitali inayajua, si mikono yangu peke yake. Nimekuandikia kwa Kiingereza kwenye karatasi ya pili kila kitu kilichotokea siku ile na dawa tuliyokupa. Mpe daktari wako leo, asome kabla. Ukizaa, ukiona kitambaa kinajaa kwa nusu saa, piga kelele. Kwa lugha yoyote.

Maalim nimemwambia. Alisema tu, "Mtoto ni mtoto." Akachukua baskeli yake akaondoka, akaisukuma, hakuipanda.

Mama yako


Guangzhou, 20 Novemba 1998
Kwa mkono wa Kasmir, anaondoka kesho

Mama yangu,

Shikamoo, na pongezi. Mtoto wa kike, Jumapili tarehe nane, saa nne asubuhi, kilo tatu na robo. Amekuja wiki moja mapema kwa sababu hakuna mtu katika ukoo huu anayefuata tarehe. Tumempa jina la mama yako, Bimkubwa. Lulu amemtazama akasema mei you, tukamwambia safari hii ipo, na haiondoki.

Karatasi yako ya Kiingereza ilifika siku mbili baada ya kuzaa, kwa hiyo sikuwa nayo. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mkali, hatukuelewana hata neno. Nilimweleza habari ya damu kwa ishara, nikimwonyesha kitambaa chekundu cha Lulu na kutikisa kichwa, mpaka akaniwekea mkono begani akasema jambo kwa sauti ya "najua, najua". Mbarak alikuwa Shiling, alifika mtoto ameshaoga. Damu ilikatika yenyewe. Nilitazama mikono ya yule daktari muda wote, Mama. Ilikwenda taratibu. Nikajua niko salama kwa sababu ilikwenda taratibu.

Lulu siku ile alikaa kwa Bibi Liang. Na tangu nirudi nyumbani Bibi Liang anapanda ngazi kila asubuhi na mayai na tangawizi. Wachina nao wana siku zao za mzazi, mwezi mzima, wanakataza maji ya baridi na upepo, ungesikilizana naye vizuri. Ijumaa iliyopita aliniomba simu yetu, hii isiyopiga nje ya China. Mwanawe hajaweka simu, na yule wa kibanda cha simu barabarani amefunga. Nikampa. Alikuwa anampigia mumewe, yuko shamba na mabata wao, hupigiwa kwenye duka la kijijini wanamwita. Mimi siku zote nilidhani ni mjane. Sikuwahi kuuliza. Miaka mitatu hajamwona.

Alisubiri mpaka mume akaletwa kwenye simu. Akasema neno moja mawili, kisha akataja jina lake mwenyewe, akalitaja tena kwa nguvu, na mara ya tatu. Alipomaliza akabaki ameshika mkono wa simu mapajani. Kichina changu ni cha sokoni, nikamuuliza, mumeo mgonjwa? Akasema si mgonjwa. Akacheka kile kicheko chake ninachokisikia kila siku bustanini. "Ameniuliza wewe ni nani," akasema. "Sauti yangu ameisahau."

Kisha akamchukua mjukuu mgongoni akashuka kupika.

Nimekaa na hilo wiki nzima, sikutaka kukuandikia. Nilikuwa nataka nisilione. Huyo ndiye niliyekuandikia kuwa anacheka.

Mama, usije.

Sisemi kwa kukununia. Na usiseme "masikini Hasna", kwa sababu nimeshapanga. Mbarak nimemkalisha nikamwambia siku nne Shiling zitakuwa mbili, na wateja wasiojua njia watafute mtu mwingine wa kuwashika mkono. Alinuna. Atanunua uso mwingine. Kazi nitaanza Bimkubwa akitambaa, si sasa, dunia haitafungwa. Nywele nitajisukia mwenyewe, vibaya.

Utakapoipata hii itakuwa imebaki kama siku kumi kufika Ijumaa ya tarehe nne. Mwambie mjomba aache ndege. Kwa Maalim usitume mtu, nenda mwenyewe, na nenda leo, kabla hujamaliza kuosha vyombo. Mwambie mtoto ni mtoto, lakini mama si yaya. Na mwambie nina kinyongo cha ramani bado. Mbarak ameshampa Kasmir zile raba za 43 bila kuniuliza, nimejifanya sijaona. Sikukuu ikipita, mkitaka kuja kutuona, njooni wawili, wiki tatu, mkae kama wageni, mpikiwe. Nitawapikia mpaka muombe kurudi kwenu.

Ningali na hasira nawe kwa miezi mitatu ya fomu, usidhani imekwisha. Nitakuandikia siku nyingine habari ya hasira hiyo, kurasa zake kamili.

Lakini wewe usiniandikie kabla fungate yako haijaisha. Na tarehe nazisoma, unanijua. Ikinifika hapa barua yoyote yako iliyoandikwa kati ya tarehe nne na tarehe kumi na moja Desemba, hata kama ni ya kuulizia presha, wallahi naipeleka posta irudi ilikotoka, bila kuifungua.

Mwanao,
Hasna